Ndoo ya Kibarazani

Korona ilipoingia mjini, mimi na jirani yangu wa Kariakoo tulikuwa tumenuniana muda mrefu. Yeye ni mama mtu mzima, anauza sufuria. Mimi nauza khanga kwenye fremu ya pili. Tuligombania kibaraza, maana sufuria zake zilikuwa zinatambaa hadi mlangoni kwangu. Nilikasirika mpaka nikaacha kumpa shikamoo, na mtu mzima ukimnyima shikamoo umemvunjia heshima mchana kweupe.

Kisha kila duka likatakiwa kuweka maji ya kunawa. Kwa ubahili wetu tukaweka ndoo moja katikati, nayo tukaigombania: nani hajaijaza, nani kamaliza sabuni. Asubuhi moja mpini wa koki ya ndoo ukakatika, maji yakagoma kutoka. Nilibaki nimesimama na mapovu mikononi, mteja ananisubiri, natukana kimoyomoyo.

Yule mama akaja na kopo. Akachota maji ndooni akaninawisha taratibu, kama anavyonawishwa mgeni kabla ya kula. Hebu jaribu wewe kumnunia mtu anayekumiminia maji mikononi! Shikamoo ikanitoka yenyewe.

"Marahaba," akajibu. "Haya, shika kopo, sasa zamu yangu."

Siku hizi barakoa hazionekani tena, na ndoo nyingi zimerudi kufulia nguo. Yetu bado ipo pale pale. Koki mpya zinauzwa mtaa wa nyuma tu, na mimi napita hapo kila asubuhi. Sijawahi hata kuuliza bei.