Mbuzi ya Koko Haionekane

Kabla muanze kucheka, acheni niseme mwenyewe: ni mimi njo yule fotografe wa Butembo mwenye aligeuzaka mbuzi ya mahari kuwa wingu. Haya ninayo. Lakini kasirani pia ninayo, na kasirani njo inapita haya, juu ile foto ilikuwaka muzuri, muzuri kabisa, na mpaka leo hakuna mutu hata moja aliniambia asante.

Masomo nilifikishaka troisième tu (hesabu ilinishinda, na mwalimu wa hesabu nilimushinda naye), lakini foto nilijifunza mwenyewe, na nikapata kwa mutu moja wa Beni objectif ya occasion, yenye ilishatumiwa, ile jicho ya mbele ya aparei, yenye mulango yake ya mwangaza inafunguka sana. Ukipiga mutu na ile kitu, uso wake unatoka net mpaka kope unaweza kuhesabu, na bitu yote ya nyuma inakuwa flou, laini sawa maziwa. Ukuta ya matope haionekane, nguo ya jirani haionekane, choo haionekane. Mu Butembo hii yetu ya vumbi, flou ni dawa, na mimi nilikuwa naitumia asubuhi na mangaribi, hata foto ya carte d'élève, kadi ya mwanafunzi, niliweka flou.

Sasa rafiki yangu Paluku, kijana wa Mavivi kule Beni, akaenda kuleta mahari kwa wazazi wa Kavira, binti ya hapa Butembo. Kwetu mahari ni mbuzi, munajua, na kati ya zile mbuzi iko moja ya koko, yule bibi muzaa-mama wa binti. Koko wa Kavira anaishi Kipese, kule juu kwenye baridi, na miguu yake hairuhusu tena safari. Wakati dada mukubwa wa Kavira aliolewaka, koko aliambiwa mbuzi yake ni munene. Yenye ilifika Kipese ilikuwa imekonda hata ukiisimamisha kwenye jua unaona ngambo ingine. Nani aliibadilisha mu njia, hakuna mwenye anasema. Donc mara hii koko akaweka sharti: kwanza nione foto ya mbuzi yangu siku ya mahari, kisha mbuzi yenyewe ifike. Ikifanana, natuma neno ya baraka. Isipofanana, Kavira haondoke mu nyumba ya baba yake. Na ndoa ku kanisa ilikuwa Jumamosi yenye inafuata.

Ile sharti niliijua, sitawadanganya. Tonton Kasereka, baba mudogo wa Kavira, aliniambia mara mbili mbele ya batu: mbuzi ya koko ni ile ya kahawia yenye doa nyeupe ku paji, hapana kuisahau. Nikamujibu tonton, hapana sumbuka, niko professionnel.

Saa ikafika. Baba ya Paluku anashika kamba, Kavira anasimama pembeni yake mu kitenge mupya, na mbuzi, juu ilikuwa na kichwa nguvu, ikakataa kusogea, ikabakia nyuma hatua tatu, kamba imevutika. Kidole yangu ilikuwa juu ya kibonyezo. Kufunga mulango ya objectif kidogo tu, na bitu yote inatoka net, mbele na nyuma. Nikaangalia nyuma: beseni, pikipiki yenye imekufa, tonton moja anatafuna mufupa, kuku bili zinapigana. Nikasema hapana, uchafu huu siutake mu kazi yangu. Nikaacha mulango wazi. Ni hapo tu, hakuna pengine nilikosea (bon, pengine tena, munangojea).

Mu kioo kidogo ya aparei ilikuwa ajabu. Batu walipiga makofi, Kavira alilia. Tukatuma foto Kipese kwa telefone ya tantine Masika, yule binti ya koko mwenye anakaa naye. Kisha dakika kumi akaita.

"Koko anauliza mbuzi iko wapi."

"Nyuma ya muzee, tantine. Ile ya kahawia."

"Ile gunia?"

Nikamuelezea kwamba si gunia, ni mbuzi, ni flou, ni kazi ya kifundi, hata Kinshasa banafanya vile. Nikasikia telefone inabadilisha mukono, na sauti ya koko ikaniuliza polepole, na huruma kabisa:

"Mutoto wangu, aparei yako inagonjwa macho?"

Mimi huyu, mwenye nililala chini kwenye mavi ya kuku ili Kavira aonekane murefu.

Alhamisi, mbuzi ikafika Kipese juu ya gari yenye inaendaka kuchukua mashu, zile kabichi. Ikafika munene, ya kahawia, doa ku paji, ikiwa ingali na kamba yake. Koko akaizunguka, akakataa. Nitajua namna gani kama ni yenyewe, alisema, ile ya ku foto ni wingu, na hii ni mbuzi. Tonton Kasereka akaniita: basi ifanye ionekane. Na hapa, bandugu, njo palikuwa pa kusema kweli, kwamba flou ikishaingia mu foto haitokake, ni sawa chumvi mu supu. Lakini nilikuwa nilishasema professionnel. Nikamujibu: dakika tano.

Mu telefone yangu iko programu moja ya kusafisha foto. Nikaipatia ile wingu. Ikafikiri, ikazunguka, ikatoa nyama yenye miguu ine na doa nyeupe, na mimi na haraka yangu, bila kukuza, nikatuma moja kwa moja mu groupe ya familia zote mbili, na catéchiste ndani. Paluku akaandika: "Ndugu, baba yangu alileta imbwa ku mahari?"

Nikakuza. Masikio imesimama. Ulimi iko inje. Même kola mu shingo iliweka, ile programu ya shetani.

Baba ya Paluku, muzee wa heshima, akazima telefone yake. Tantine Masika yeye aliongea: koko anasema mbuzi ya ndoa ya dada walibadilisha na yenye imekonda, hii walibadilisha na imbwa.

Ijumaa, Kavira nywele alishasuka tayari, tukapanda moto, ni kusema pikipiki, Paluku na mimi, mpaka Kipese, baridi inatukata masikio. Familia imekaa mu kiwanja, mbuzi imefungwa ku muti inakula majani, net kabisa, kila unywele. Wakaniweka ku kiti kidogo mbele yake, sawa tunasambishwa mu korti sisi wawili. Koko akaomba aparei yenyewe, telefone hataki tena kuiona. Nikamukuzia foto kipande kwa kipande mu kile kioo kidogo: kope ya Kavira, hereni, kidole ya muzee, kamba.

"Rudisha," koko akasema.

Nikarudisha kamba. Ilikuwa kamba ya katani yenye walisukia kipande ya kitambaa nyekundu, kila uzi unaonekana. Koko akasimama, akaenda ku mbuzi, akashika kamba ya shingo, akaigeuza-geuza. Katani, kitambaa nyekundu. Tantine Masika akasema lakini mama, kamba wanaweza kuihamisha ku mbuzi ingine.

"Mwizi wa mbuzi hawezi kuacha kamba muzuri hivi," koko akajibu. Kisha akamuambia Paluku aende amuambie Kavira aondoke na amani, baraka anatoa. Paluku akapiga magoti. Mimi nikafikiri imeisha, nikaanza kuweka aparei mu mufuko.

"Na weye," koko akaniambia. "Walikuita juu ya mbuzi. Ukakamata kamba, mbuzi ukaachilia."

Kiwanja yote ikaanguka na kicheko, na tantine Masika alishaituma ile neno mu groupe kabla tupande moto. Tangu ile siku, kutoka Butembo mpaka Mavivi, jina yangu ni Kamba.

Sawa. Jumamosi ku ndoa nikafunga mulango ya objectif mpaka mwisho. Bitu yote ikatoka net: batu, benchi, mama moja anapiga miayo, na nyuma ya padri mutu anachokora meno. Kavira akaangalia foto zote, akainua macho, yeye mwenyewe Kavira, akaniuliza: "Mbona hizi haziko na ile flou?"

Nimeapa. Mahali kwenye mbuzi iko, nafunga mulango, na siku ingine nauliza kwanza kama wanataka flou. Mbuzi ya koko iko Kipese, inaendelea kunenepa. Mimi njo nilikonda.