Njia ya Ziwani Iliyopigwa Mnada

Walisema sitaweza kusema sentensi tatu mbele ya watu wa mtaa wetu wa Pasiansi bila mtu kuinuka kwenda zake. Mama mdogo wangu, muuza dagaa, alisema sauti yangu inamletea usingizi. Nikaenda ng'ambo, nikaosha vyombo miaka sita, nikarudi na diploma ya uhutubiaji. Nimeitundika mlangoni kwangu Kiseke ili hata msoma mita aione.

Niliporudi nilikuta kule Pasiansi mwenye ghorofa mmoja amefunga kwa geti njia waliyopita akina mama miaka yote kwenda ziwani kuanika dagaa. Mama mdogo hakuwa na pengine pa kuanika. Mkutano wa mtaa ukaitishwa, nami nikajitolea kutetea haki yao.

Hotuba ya haki hubebwa na mbinu, na mbinu nzuri niliziazima hapa hapa. Swali lisilotaka jibu niliazima kwa mama mdogo, ambaye mteja akibeza dagaa humwuliza, "Kwani wewe ukianikwa siku mbili utanenepa?" Kunyamaza ghafla, kwa mzee wa kanisa anayesoma majina ya waliokwepa usafi. Kurudia mara tatu niliazima kwa mpiga mnada wa ng'ombe, pamoja na fimbo yake.

Siku ya mkutano niliinua fimbo. Mara ya kwanza nikauliza njia hii ni ya nani. Mara ya pili nikauliza. Mara ya tatu nikauliza, kisha nikanyamaza.

Mzee mmoja mfugaji, nyuma kabisa, akanyoosha mkono na kutaja laki mbili. Mwingine akaongeza hamsini. Sikuwakatiza, msomi haachi hotuba kabla ya kilele. Bei ikapanda, mpaka mwenye geti, jasho likimtoka, akasimama akasema milioni moja.

Mwenyekiti wa mtaa akavua miwani. "Ndugu yangu, unanunuaje kitu ulichotuambia ni chako?"

Akajibu kwamba aliogopa wenzake watamzidi. Mtendaji aliandika yote. Wiki ile ile geti liling'olewa, na wapo wanaosema ilikuwa bahati. Hawana diploma.

Mimi sikai na cha mtu. Jumamosi moja nikawalipa wenye mbinu wote. Mpiga mnada alilalamika kwamba mara tatu zake zimerudi zimechakaa: sasa akifika ya tatu, wanunuzi humwuliza kwanza ng'ombe ni wa nani. Nikasimama na tai yangu, nikauza ng'ombe kumi na mmoja mpaka mazoea yakarudi. Mzee wa kanisa nilimsindikiza kutoka mnadani hadi kwake bila kutamka neno. Akasema inatosha, na pengine imezidi.

Mama mdogo nilimlipa wa mwisho, mchana ule ule, kwenye miamba ya kuanikia. Mteja alibeza dagaa, nikamwuliza swali lile kwa ufasaha wote niliousomea, kwa mikono na kwa mapumziko yake. Alinunua ndoo nzima. Nikageuka ili mama mdogo anisifu.

Alikuwa amelala, kichwa juu ya gunia, na dagaa wake wakikauka pande zote.