Kimya Tulichonunua Sakina

Ulikuwa ule mwaka mahindi yalinyauka yakiwa ya magotini, tukala ndizi. Asubuhi mtori, mchana ndizi na maharage, jioni ndizi za kuchoma na chai ya rangi, maana ng'ombe naye alikuwa anakula migomba na maziwa yamekata. Watu wa huku Olmotonyi, chini ya msitu wa Meru, ukiwauliza jambo lilitokea lini hawahangaiki na kalenda. Watakwambia, mwaka wa ndizi. Basi mwaka wa ndizi ndio binti yangu alinipandishia mjukuu.

Alimleta kutoka Lemara mjini, begi mkono huu, mtoto mkono huu, macho yake mwenyewe yamevimba. Mtoto alikuwa wa umri ule wa kung'oka meno ya mbele. Kule walipanga kwenye nyumba ya wapangaji wengi, kila chumba na redio yake, na nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga. Mtoto akawa anajibana nyuma ya kabati, viganja masikioni, analia mpaka anatapika. Wapo waliosema ni deko, wakamchapa. Wapo waliosema ni pepo, wakamzunguka kumwombea kwa makelele, ambayo ni sawa na kuzima moto kwa mafuta ya taa.

"Mama, daktari amesema siyo kichaa," binti yangu akaniambia. "Masikio yake na ngozi yake vinapokea kila kitu kwa pamoja. Havichagui."

"Dawa yake?"

"Hakuna ya kumeza. Amesema tumtafutie vitu vya kumpunguzia, tujaribu mpaka tujue."

"Vitu gani sasa?"

"Alivitaja. Sikuvishika, nilikuwa nalia."

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hilo nililielewa upesi. Kichwa cha mtoto ni nyumba isiyo na mlango. Kila anayepita barabarani anaingia, hata mwenye mbuzi anaingia na mbuzi wake. Sasa kama nyumba haina mlango, unalia? Unatafuta ubao.

Mwanzoni nilimtazama tu, kama unavyomtazama ng'ombe mgeni kabla hujakaa kumkamua. Jogoo hakumsumbua. Mvua kwenye bati ilimtesa. Kijiko kikikwaruza sufuria, ametoka nje. Kuku alielewana nao kabisa, wakawa wanamfuata kama waumini, na mayai akawa anayaokota yeye. Hakuvunja hata moja. Nikasema mikono hii haina shida, shida ni makelele yetu.

Kilichoniuma ni Sikukuu ya Mavuno. Kanisani kwetu siku hiyo watoto wa Sunday school wanapita mbele na mazao yao, kila mmoja na chake, nyuma ya matarumbeta, na baadaye vitu vinapigwa mnada nje ya mlango. Mjukuu wangu alijaza kapu la mayai. Alijipanga na wenzake, amechana nywele, ana furaha. Tarumbeta la kwanza lilipolia aliachia kapu, akaingia chini ya benchi, akajikojolea. Mayai yalitapakaa mpaka kwenye viatu vya kwaya. Watu hawakucheka, nasema ukweli, lakini walitazama, na kutazamwa kule kulikuwa kubaya kuliko kicheko.

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia. Tulipofika kwenye shamba la kahawa akaniuliza sikioni, "Bibi, mwakani nitapita?"

Nikamwambia atapita. Neno likishatoka kinywani kwa bibi, ni lazima lifanyiwe kazi.

Tukaanza na nguo. Lebo zote nikazitoa kwa wembe. Bado akajikuna. Nikapitisha kidole, kumbe wembe umeacha vishina vya uzi, vinachoma kama mabua. Nikavifumua kimoja kimoja kwa sindano. Soksi nikamgeuzia, mshono ukae nje, na jirani akanicheka kwamba macho yangu yameanza kuniacha. Sweta ya shule haikutaka mazungumzo, ilimwasha hata ukiigeuza. Nikamvalisha fulana ya pamba ndani yake, ya mikono mirefu, laini iliyochoka. Mpya hazifai. Nguo inatakiwa iwe imeshafuliwa na mtu mwingine mpaka imenyenyekea.

Kwa hiyo tukawa tunashuka kwenye soko la mitumba la Sakina, asubuhi mapema kabla mabasi ya Nairobi hayajaanza kupiga honi. Mjukuu alikuwa na namna yake ya kuchagua. Hatazami rangi wala ua. Anachukua nguo, anaipitisha shavuni, anafumba macho, anairudisha. Anachukua nyingine.

Muuzaji akasimama kiuno amekishika. "Bibi, huyu mjukuu anabusu mzigo wangu wote?"

"Anaonja."

"Nguo inaonjwa?"

"Wewe pombe si unaonja kwanza? Tulia."

Akacheka, akakaa. Baadaye akawa anatuwekea pembeni zile zilizochoka vizuri. "Njoo, nimekuwekea za shavu," ananiita kwa mbali. Watu wanashangaa tunauziana nini.

Jua la kanisani, linalopiga kwenye vioo, tulilimaliza kwa kofia yenye ukingo. Viatu vya ngozi tukaviacha, akavaa yeboyebo za plastiki, ambazo hazina mshono wala kamba. Nilimshonea pia kifuko cha kanga, nikakijaza maharage, awe anakiweka mapajani akikaa, kifuani akilala. Nilijua kuhusu uzito huo bila kufundishwa. Mtoto akilia unamfunga mgongoni, na siyo joto tu linalomtuliza, ni kubanwa. Huyu mgongo wangu ulikuwa umemshindwa, basi maharage yakambana badala yangu. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alipokiona kile kifuko aliguna.

"Watu wanakula ndizi tupu, wewe maharage unayalaza kitandani."

"Nayalea."

"Yatapikwa lini?"

"Yatakapokuwa na meno."

Lakini masikio. Masikio yalitushinda. Pamba aliichokoa. Kilemba nilimfunga kwa kitenge kizito, kikamtoa jasho na sauti ikapita vilevile. Nilikuwa karibu kukata tamaa, tena mimi, nisiyekata tamaa kwa kitu isipokuwa nyanya. Siku moja nilipeleka ndizi kwenye chuo cha misitu, nikakuta wanafunzi wanafundishwa kuangusha mti kwa msumeno wa mnyororo. Ule msumeno ukinguruma, meno yako yanacheza. Na aliyeushika, binti mwembamba tu, uso wake umetulia kama yuko kwenye sala. Masikioni amefunika vibakuli viwili vyekundu vimeunganishwa juu ya kichwa.

Alipozima mashine nikamwomba nijaribu. Akaniita bibi, akaniamkia shikamoo kwanza, akanivika juu ya kilemba, kisha akavisogeza vikakaa. Mwenzangu, dunia ilirudi nyuma. Naona midomo inasema, naona mwingine anacheka, lakini sauti imekaa mbali, kama ukungu umeshuka mlimani umefunika kila kitu isipokuwa pumzi yangu. Nilisimama pale muda mrefu, mpaka binti akanigusa bega akidhani nimeugua.

"Vinauzwa wapi hivi?"

"Kwenye maduka ya vifaa vya mafundi, bibi. Sakina vipo."

Tukashuka tena Sakina, safari hii upande wa magereji. Kijana wa duka akaniletea vile vya simu, vyenye waya.

"Hivi vina besi, bibi. Kwaya utaisikia mpaka mbinguni."

"Sitaki kisikike kitu."

"Vibovu?"

"Vizima. Lakini visilie."

Akamtazama mwenzake. "Bibi anatafuta redio bubu."

"Hiyo hiyo. Ilete."

Ndipo akaelewa, akaingia nyuma, akatoka na vya mafundi. Vingine vilikuwa vizito, vikamwinamisha mtoto shingo. Vingine vilibana, akavitupa chini na nikaomba radhi. Vya manjano vilikuwa vyepesi, na vibakuli vyake vina mto laini. Mjukuu akapitisha ule mto shavuni kwanza. Akavivaa mwenyewe.

Kununua bila kujaribu ni ujinga, kwa hiyo nikamchukua nikaenda naye gereji ya jirani, fundi alipokuwa anakata chuma. Pale ndipo tulipokuwa tunapita kwa mbio tukienda mitumbani, yeye uso umezikwa kwenye kanga yangu. Nilimshika mkono tayari kukimbia. Mashine ikalia. Mkono wake ukakakamaa. Kisha ukalegea. Akatoa uso wake, akatazama. Cheche zilikuwa zinaruka njano na nyeupe, zinafika mpaka kwenye gurudumu la lori. Alikuwa amepita hapo mara zote hizo na hajawahi kuziona, maana alikuwa anafumba macho kwa ajili ya masikio. Mdomo ulibaki wazi, lile pengo la meno linaonekana lote. Fundi akamaliza, mtoto akamwambia, kwa sauti kubwa sana kwa sababu hajisikii, "Endelea."

Fundi akaendelea. Alikata chuma ambacho sidhani kama kilihitaji kukatwa.

Tangu hapo anaviita kimya. "Bibi, kimya changu kiko wapi?" Hakai navyo kutwa. Anavivaa mvua ikipiga bati, anavivaa akipita sokoni, na kuvivua anavua mwenyewe akiona inatosha. Hilo ndilo nililojifunza kuliko yote: mwenye masikio ndiye anayejua lini.

Basi Mavuno ikafika tena. Kapu la mayai tulilitandika nyasi, na mimi nilisuka mpini upya ili usimkwaruze. Fulana yake iliyochoka ndani, gauni juu, yeboyebo zimesuguliwa, kimya kichwani. Nakuambia mapema usije ukahangaika: mayai yalifika mbele mazima, kimya kikiwa kichwani, na kwenye mnada yaligombewa mpaka mzee mmoja akamkasirikia mkewe. Lakini kabla ya hapo palikuwa na mlango.

Watoto walipangwa nje, karibu na wapiga tarumbeta. Mzee wa kanisa akaja, mtu ninayemheshimu, tumelima mpaka mmoja miaka yote.

"Bwana asifiwe, mama."

"Amina."

"Huyu mtoto atoe hizo redio. Tunaingia ibadani."

"Siyo redio. Hazilii. Ndizo zinazomwezesha kusimama hapa."

"Nakuelewa. Lakini mbele ya madhabahu hata mimi navua kofia. Mvue, apite, umvishe tena. Ni dakika tu."

Dakika hiyo ndiyo niliyokuwa nimeitafuta mwaka mzima. Nikamwambia, "Simvui. Mwenye kelele ndiye apunguze."

Akakohoa. Wapiga tarumbeta wakatazama viatu vyao. Wifi akanivuta kitenge kwamba naaibisha ukoo, nikamwambia ukoo uende ukakae ndani, huku nje kuna upepo. Mzee akasema anakwenda kumuuliza mchungaji, akaingia.

Ndipo binti yangu akatoka kwenye kundi la kina mama. Alikuwa amepanda toka Lemara asubuhi hiyo, amevaa gauni lake zuri. Hakuwa na ubaya. Nilimzaa, najua uso wake ukiwa na ubaya na ukiwa na hofu. Hiyo ilikuwa hofu.

"Mama, watu wote wanamtazama. Nakuomba. Labda sasa amezoea, labda ataweza bila kuvivaa, kama watoto wengine. Mvue kidogo tu nione."

Nione. Nilimwelewa, masikini mwanangu. Alitaka dakika moja ya kuwa na mtoto kama wa wenzake. Akanyoosha mkono kuelekea kile kichwa kidogo. Mjukuu wangu alikuwa ameshika kapu kwa mikono yote miwili, hakuwa na mkono wa kujizuilia, akawa anatutazama tu, mara mama yake, mara mimi, na hasikii tunasema nini juu yake. Nikaudaka mkono wa binti yangu hewani. Sikuubana. Niliushika kama nilivyokuwa naushika tukivuka mto alipokuwa mdogo, nikauweka kwenye bega la mtoto wake, ukae hapo. Na kwa upole, maana huyu hakuwa mzee wa kanisa, huyu alikuwa wangu, nikamwambia:

"Simvui. Mwenye kelele ndiye apunguze."