Saladi Tisa za Bulyanhulu

Siku ile nyumbani kwetu, Kishapu, tulikuwepo watu sita: baba mdogo Luhende, aliyetoka Buseresere, shangazi Nkwimba, aliyetoka Shinyanga mjini, mdogo wangu Sayi, mapacha wetu Kulwa na Doto, wenye miaka tisa, na mimi, Minza, mkubwa wao. Baba na mama walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye makaburi yao. Baba mdogo aliangalia bustani yangu iliyokauka, akaangalia sahani tuliyompakulia, ugali na chumvi, akaweka tonge chini.

"Kulwa nitaondoka naye mimi," alisema. "Doto atakwenda na shangazi yake. Siyo adhabu, Minza. Watoto wanataka kula."

Shangazi alikuwa anamsuka Doto nywele, na mikono yake ilisimama.

Niliacha shule darasa la sita ili watoto hawa wasitawanyike. Mboga zilikuwa ndizo zinatulisha na ndizo zinanunua madaftari yao. Mvua ilipokatika mapema, bustani ikafa, na maji ya bomba tunayafuata mbali kwa baiskeli. Nikamwomba baba mdogo muda. Alifikiri, kisha akasema, "Mpaka shule zifungwe mwezi wa sita. Nikirudi, nikute mboga kwenye sufuria. Maneno nimeshayasikia."

Zilibaki wiki saba. Mimi nilikuwa na picha moja kwenye simu. Alinitumia Mama Neema, rafiki wa marehemu mama yangu. Walikuwa wakiuza mboga pamoja gulioni Mhunze kabla yeye hajamfuata mumewe kwenye machimbo ya Bulyanhulu. Picha ilionyesha ndoo ya rangi, ile ya lita ishirini, na juu ya kifuniko chake zimeota saladi nne. Chini aliandika: "Hazimwagiliwi." Nililisoma neno lile nikafunga safari.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilimwachia Sayi nyumba nikapanda gari la Shinyanga. Kishapu ilikuwa imeshaanza kuwa kahawia. Ng'ombe walikuwa wanakwenda lamboni kwa mstari, na pamba mashambani ilikuwa fupi, ya kutia huruma. Lakini sikuwa na huzuni. Nilikuwa naitoa simu kila baada ya muda, naangalia ile ndoo, nairudisha. Mama mmoja jirani yangu kwenye kiti akauliza kama ni picha ya mchumba.

"Ni saladi," nikamwambia.

Akageukia dirisha mpaka Shinyanga.

Kahama tulifika saa sita mchana. Pale nilishuka kubadilisha gari, nikaona nyuma ya mashine za kukobolea vichuguu vya pumba za mpunga, vingine vimechomwa vikawa vyeusi na bado vinatoa moshi. Sikujua kwamba kesho yake ningezishika pumba kama zile kwa mikono yote miwili na kuziona mali.

Saa tisa alasiri nilikuwa nyuma ya bodaboda, njia ya machimboni. Vumbi lile ni jekundu, linaingia hadi kwenye meno. Kushoto na kulia kulikuwa na karasha, mashine za kusaga mawe, zinaunguruma, na watu wamepakwa unga wa mawe nywele hadi viatu.

"Dada, umekuja kutafuta dhahabu?" dereva aliniuliza.

"Nimekuja kuangalia mboga."

Alicheka karibu tuingie mtaroni. "Watu wanatoka mpaka Mbeya wanafuata dhahabu. Wewe unatoka Kishapu unafuata mchicha."

"Saladi," nikamsahihisha.

Kwa Mama Neema nilipokelewa na mikono iliyolowa. "Mwadila, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma, kama nilivyokuwa nikimsalimia utotoni, halafu nikaongeza shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda kama ufagio. Pita, pita uone watoto wangu."

Watoto wenyewe walikuwa ukutani, chini ya kivuli cha turubai. Ndoo nne kubwa, kila moja na saladi nne, kijani kibichi, zimejikunjakunja kama kitambaa cha harusi. Pembeni kulikuwa na ndoo tupu. Hapakuwa na bomba wala mota, na waya wa umeme sikuuona. Nilizunguka ndoo zile mara tatu natafuta maji yanaingilia wapi.

"Hayaingii," alisema Mama Neema. "Yamo humo tangu siku ya kwanza. Yamekaa tu."

"Na udongo?"

"Udongo wa hapa siutaki. Kiwanja hiki zamani watu waliosha dhahabu kwa zebaki. Ningepanda chini, ningewalisha watu sumu."

Jumanne asubuhi alinifundisha kupanda. Tulitoboa vifuniko, mashimo manne kila kimoja, tukachukua vikombe vya plastiki tukavitoboa matundu kwa msumari wa moto. Ndani ya vikombe tuliweka pumba za mpunga zilizochomwa, na katikati mche mdogo wa majani matatu. Kisha maji, na kwenye maji paketi mbili za virutubisho, moja baada ya nyingine. Zikikutana zikiwa kavu, alisema, zinagandana na mmea haupati kitu.

"Jaza mpaka maji yaguse makalio ya kikombe," aliniambia. "Mizizi ni mifupi bado, lazima iyafikie. Funika vizuri. Mwanga ukiingia, maji yanaota ukijani."

Niliuliza saladi moja inakunywa kiasi gani mpaka ivunwe. Akaniambia ndoo ile moja inazitosha zote nne. Ndoo moja. Kule kwetu nilikuwa nabeba ndoo moja asubuhi na moja jioni, kila siku, kwa tuta la hatua nne, na jua linakunywa zaidi kuliko mboga. Nilikaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimeshapanga kichwani ndoo sita, ndoo kumi, chainizi upande huu, saladi upande ule, na baba mdogo anakula akiwa kimya.

Jumatano Mama Neema alikwenda kwenye msiba Kahama, alale huko. Aliniachia ufunguo na ndoo.

Alipoondoka nilishindwa kujizuia. Nikafunua kifuniko kimoja cha saladi zile kubwa, nione mizizi. Ilikuwa myeupe, mizuri, imefika chini. Lakini maji yalikuwa yamefika nusu ya ndoo. Kutoka kwenye kikombe mpaka kwenye maji mizizi ilikuwa inaning'inia hewani, imeota vinyweleo vyembamba kama pamba. Nikafunua ya pili, ya tatu, ya nne. Zote nusu.

Kwetu, mgeni wa kike akikuta maji yamepungua kwenye nyumba ya mwenyeji hasubiri kuambiwa. Ukikaa tu, watakusema mpaka kijiji cha pili. Nikachukua dumu, nikavuka barabara hadi bombani, nikarudi, nikaenda tena. Nilijaza ndoo zote nne mpaka maji yakagusa makalio ya vikombe, sawasawa kama nilivyofundishwa. Nilifurahi sana. Nilifagia na uwanja.

Alhamisi saa sita mchana saladi zilikuwa zimelala. Majani yalining'inia pembeni mwa ndoo kama nguo zilizoloa. Nilifunua: maji tele. Mmea una kiu na maji yamo tele, hilo sikuwahi kuliona maishani. Nilisimama pale na dumu mkononi, sijui niongeze au nipunguze.

Mama Neema alirudi alasiri. Alifunua ndoo ya kwanza, akaitazama muda mrefu.

"Nani ameweka maji?"

"Mimi, mama."

"Minza, umenizamishia saladi."

Hakupaza sauti. Akachukua kikombe akaanza kuchota maji na kuyamwaga, huku ananieleza. Mizizi ya chini inakunywa, ya juu inavuta hewa. Maji yanaposhuka, ile ya juu inajifunza kupumua, na ikishajifunza haiwezi tena kuishi ndani ya maji. "Ile nafasi uliyoiona siyo upungufu. Ile ndiyo pua yao. Na tena umenizimulia virutubisho kwa maji matupu."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Wewe ni wa Kishapu. Sisi tukiona ndoo nusu tunaona njaa." Akamwaga kikombe kingine. "Mimi nami mara ya kwanza nilijaza. Nilizika zote."

Usiku huo nilikula kidogo. Ijumaa saladi saba zilisimama. Tisa hazikusimama.

Zote kumi na sita zilikuwa za mpishi wa kantini moja ya wafanyakazi wa machimbo, za kupelekwa Jumamosi. Mama Neema alisema ataeleza mwenyewe. Nikamwambia hapana, na Jumamosi asubuhi nilizibeba zile saba nikamfuata nyuma. Mpishi alikuwa mwanamume mnene mwenye kilemba cheupe.

"Saba? Mama Neema, nina watu wa kulisha, sina sungura."

"Nimeziua mimi," nilisema. "Nilizimwagilia."

Aliniangalia. "Ulizimwagilia zikafa?"

"Ndiyo, baba."

"Haya," akasema, anazichukua. "Wewe usiguse hata jiko langu."

Njiani nilimwambia Mama Neema nitamlipa. Nilikuwa na akiba kidogo ya nauli kwenye khanga. Alinishika mkono kabla sijafungua fundo.

"Hela sizitaki. Uliniharibia saladi, utanirudishia saladi. Tisa. Na uzikuze wewe mwenyewe."

Jumapili nilirudi Kishapu na miche ya chainizi aliyonipa, imefungwa kwenye kitambaa kibichi, paketi za virutubisho, na kiroba cha pumba nilichookota Kahama. Fundi rangi wa Mhunze alinipa ndoo sita kuukuu. Tuliziosha na Sayi mpaka vidole vikachubuka. Maji tulijaza mara moja. Mapacha niliwafundisha ile pua siku hiyohiyo, kabla ya kitu kingine chochote. Kila Jumamosi walipima kwa kijiti maji yameshuka kiasi gani, na kila yaliposhuka walikimbia kuniambia kama watu walioona mwezi wa Idi.

Wiki ya mwisho kabla ya likizo, chainizi zilikuwa zimefunika vifuniko vyote.

Baba mdogo alikuja siku shule zilipofungwa. Alisimama mbele ya ndoo, akafunua moja, uso ukabadilika.

"Watoto wanne mko hapa, na mnaacha mimea ife kwa kiu?" Akanyanyua jagi la maji ya kunawa.

Doto alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Kulwa akajitanda juu ya ndoo.

"Usiwazibe pua, baba mdogo," Kulwa alisema.

"Nini?"

Wakamweleza, wote wawili kwa pamoja, mmoja akianza sentensi mwingine anamaliza, wakamwonyesha mizizi ya juu na ya chini, wakamletea kijiti. Alichutama pale akasikiliza mpaka mwisho, jagi bado mkononi. Kisha akanawa nalo.

Tulikula chainizi, sufuria nzima. Alipomaliza aliniuliza kama Buseresere miche inaweza kufika bila kunyauka. Kesho yake aliondoka peke yake, na shangazi alipopigiwa simu alisema Doto abaki, yeye atakuja Krismasi kumsuka.

Mboga za ndoo tano sasa zinatulisha, na nyingine tunaziuza gulioni. Katika ndoo ya sita, na kwenye mbili ndogo nilizoongeza pembeni, nimepanda saladi. Zinafika ukubwa wa kiganja. Juzi Kulwa aliuliza kama tunaweza kuonja moja tu. Nikamwambia hizo tisa siyo zetu.