Neno la Karani

Tulimwita Mama Vumbi kwa ajili ya madaftari chakavu aliyoyafungua kutwa, akipiga chafya mpaka miwani inadondoka. Meza zetu zilitazamana miaka sita pale chumba cha nyaraka. Tuliingiza kwenye kompyuta orodha za vibarua waliojenga reli enzi za mkoloni, ili profesa aliyetuajiri ajue watu wetu waliishije zamani. Kila kibarua alipewa namba: moja, amemaliza mkataba, mbili, amefariki, tatu, ametoroka.

Basi yule karani wa zamani aliyeandika orodha hizo alikuwa bahili wa wino. Wengi aliwaandikia neno moja tu: "amekwisha". Tukaketi kulijadili, na mimi, kwa mdomo wangu huu usiotulia, nikasema, "Si amekwisha maliza! Kafupisha tu." Profesa akakubali. Tukapiga moja, moja, moja, watu elfu nne na ushee.

Siku moja Mama Vumbi akaruka kitini. "Dada, babu yangu huyu!" Jina, kijiji, jina la baba yake, vyote sawasawa, na mbele yake lile lile "amekwisha". Babu huyo aliondoka mkewe ana mimba, asirudi. Mtoto aliyezaliwa ndiye mama yake Mama Vumbi, bibi kizee aliyekuwa kitandani, mifupa mitupu. Utotoni wenzake walimwita mtoto wa mtoro. Maisha yake yote aliwajibu hivyo hivyo: baba hakunitupa, alifia huko.

"Kamwambie," nikamhimiza. Kimbelembele changu!

Akaenda, akamwambia kwamba babu alimaliza mkataba.

"Kwa hiyo alikuwa mzima?" bibi akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na njia ya kurudi alikuwa anaijua?"

Bibi akageukia ukutani, akakataa hata uji. Siku ya tisa tulimzika.

Miezi miwili baadaye likaja sanduku la zahanati ya kambi ya vibarua wale wale, ndani yake daftari la makaburi. Nililifungua mimi. Kila "amekwisha" alikuwa na tarehe yake ya kuzikwa. Babu alikuwemo ukurasa wa pili: kuhara damu, wiki ya kumi na moja kazini. Na sisi kila siku tunasema mgonjwa fulani amekwisha! Masikio tulikuwa tumeyaweka wapi?

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamsogezea Mama Vumbi daftari. Akasoma, akarudia. Profesa akashika kichwa, makala yake ilikuwa imeshachapwa. "Tutasahihisha," akasema.

Mama Vumbi akawasha kompyuta, akaanza kugeuza moja kuwa mbili, mstari kwa mstari.

"Nisamehe, dada," nikasema huku nalia.

"Sogea, unanizibia mwanga."

Siku ya nne akafika kwa babu yake. Akafuta moja, akaandika mbili, kidole kikabaki pale pale juu ya kitufe.

"Haya," akasema, "na mama nani atamwambia?"