Mbwa Asiyetaka Kuachwa Peke Yake

Katika kituo cha wanyama wasio na wenyewe, mwanamke wa kujaza fomu aliitwa Mama Fomu, na hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kuitwa vingine. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, meza ya bati na mihuri mitatu: AMEPOKEWA, AMECHUKULIWA, AMERUDISHWA. Hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa machozi. Ukimpa habari, iwe njema iwe mbaya, alikuuliza tarehe.

Basi akaletwa mbwa jike wa miezi saba, rangi ya kahawia, miguu mirefu kuliko akili. Mpole, msafi, hamng'ati mtu. Ila ukimwacha peke yake hata dakika tano, alilia kama aliyefiwa na ukoo mzima. Wafanyakazi wakampa jina la Matanga. Mwalimu mmoja alimchukua Jumatatu, akamrudisha Jumatano macho yamemwiva. Familia ya dereva ilivumilia wiki nzima. Majirani zao hawakuvumilia.

Kanuni ya kituo ilikuwa fupi: anayerudishwa mara ya tatu anapelekwa kwa daktari, anachomwa sindano, na hatoki. Mama Fomu ndiye aliyeiandika, na aliiona kanuni nzuri tu, mpaka siku Matanga alipoweka kidevu juu ya kiatu chake akasinzia. Alikaa saa nzima bila kusogeza mguu. Mguu ukafa ganzi. Hapo akajua amepatikana.

Alichukua karatasi ili aorodheshe watu wote anaowafahamu wasiotoka nyumbani. Orodha ikawa na mtu mmoja: wifi yake, mjane wa kaka yake.

Yeye na wifi huyo hawakuwa wamesemeshana kwa miaka minne, tangu msiba wa kaka. Siku ile wifi alitangaza mbele ya kadamnasi kwamba huyu mwanamke amemzika ndugu yake kama anayepokea mzigo: amesimama na kalamu, anaandika waliohudhuria, chozi hata moja hakuna. Mama Fomu alifunga daftari akaondoka. Ni kweli alikuwa ameandika.

Jumamosi akajikaza kisabuni, akamfunga Matanga kamba, akaenda. Wifi alikuwa dirishani na cherehani yake, anapinda mapazia ya watu. Nyonga iliyovunjika haikumruhusu kufika mbali zaidi ya choo.

"Hodi, wifi."

"Karibu. Umepotea njia?"

"Nimeleta mbwa."

"Mimi na mbwa wapi na wapi?"

"Analia akiachwa peke yake, na wewe hutoki. Akirudishwa tena, atauawa."

Wifi akamtazama mbwa, kisha aliyemleta. "Kumbe huruma unayo. Ya mbwa." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo fomu. Ila sitaki kukuona hapa unakuja kumsalimia."

"Lazima nije mara moja, baada ya wiki mbili. Kukagua."

"Mara moja basi."

Wiki mbili hizo Mama Fomu alizimaliza roho ikiwa juu. Kila geti la kituo lilipogongwa, mkono wake ulikwenda kwenye muhuri wa tatu na kuusukuma mbali.

Siku ya ukaguzi ilipofika hakubisha hodi, kwa sababu alisikia mtu anaongea ndani. Akasimama chini ya dirisha.

"...moyo wa bati kama meza yake," wifi alikuwa akisema. "Unanisikia wewe? Kaka yake anafukiwa, yeye anawauliza watu jina linaandikwaje! Na mume wangu alivyompenda dada yake yule. Kuliko sisi sote. Hilo ndilo lililoniuma."

Matanga alipiga miayo. Mama Fomu akaandika kwenye fomu: *Mnyama halii.*

Mbwa akanusa harufu anayoifahamu, akabweka. Pazia likavutwa.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu moyo wa bati."

Wifi akaliachia pazia, kisha akalivuta tena.

"Nililia, wifi," Mama Fomu akasema. "Nililia stoo ya kituo, juu ya magunia ya chakula cha mbwa. Siku tatu. Mbele za watu sijui kulia. Nilimpenda kaka yangu." Sauti yake ilikuwa ileile ya kuuliza tarehe, ila machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni, na hakujua ayafanyeje.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Wifi akaichukua fomu kupitia dirishani, akaisoma mpaka mwisho kama mtu anayetafuta kosa. "Hapa chini pana nafasi. Andika kwamba mkaguzi atakuja kila Jumamosi."

"Kanuni inasema mara moja."

"Kanuni kaiandika nani?"

"Mimi."

"Sasa?"

Mama Fomu akaiegemeza fomu ukutani, akaandika, akatia sahihi. Kisha akauliza mlango uko upande gani siku hizi.