Siku Niliposema Homa Imemvunja

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo hainitoki kichwani. Nakusimulia leo kwa kuwa nakuona unajifunza Kiingereza kwenye simu, na neno ukishalijua maana moja unapita mbio.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimetoka Madungu na cheti changu cha shule, najiona hakuna wa kunifundisha. Akatafutwa kijana wa kumkalimania daktari wa kigeni katika kituo cha afya upande wa Pujini, nikachukuliwa miye. Nilitembea shingo juu, mwanangu.

Wiki ya kwanza tu akaletwa Khatibu, mtoto wa miaka mitano, anaungua homa. Mama yake, Bi Mafunda, alikaa naye siku tatu. Asubuhi ya nne daktari akampima, akatabasamu, akasema neno juu ya ile homa. Alisema "break", na miye nililijua kwa maana moja: kuvunja. Lile tabasamu lilinitatiza, lakini niliona haya kuuliza. Nikamgeukia mama mtu.

"Daktari anasema homa imemvunja mwanao."

Bi Mafunda alianguka chini akalia kilio cha msiba. Wanawake waliokuwa nje wakaingia, nao wakalia. Khatibu mwenyewe akaamka kwa zile kelele, akaomba uji.

Bi Time, mkunga mzee pale kituoni, akamgusa paji la uso. "Huyu homa imeshamwacha. Kavunjwa na nini?"

Kumbe daktari alikuwa akisema hilo hilo. Nilikosa pa kuuficha uso.

Bi Time hakunigombeza mbele ya watu, na hilo namshukuru hadi leo. Alinitoa nje.

"Nikikwambia ukapige pasi, utachukua fimbo?"

"Hapana, Bi Time."

"Basi na wao maneno yao ni hivyo hivyo. Kwa nini weye hukumuuliza?"

"Niliona haya."

"Haya yako imemliza mama wa watu."

Nikaenda kumwomba radhi Bi Mafunda, naye akanisamehe, mtoto kamkalia mapajani anakunywa uji wake. Tangu hapo nikanunua daftari. Kila tukimaliza wagonjwa namuuliza daktari juu ya neno lile moja, naye anacheka, ananieleza. Nikaona mambo. Kwao alfajiri huvunjika, na mwanamke aliyekaribia kujifungua, maji yake huvunjika.

Miezi ikapita. Akaletwa Rukia kutoka Wingwi, mjamzito, kachoshwa na safari ndefu ya barabara. Mumewe akaniambia, "Chupa imepasuka, maji yanamtoka tangu jana asubuhi, na uchungu haujamshika."

Yule msichana niliyekuwa mwanzo angemwambia daktari habari za chupa ya kioo, na daktari angemtafutia Rukia vigae miguuni. Miye nilimwambia kwa lile neno lao la kuvunja, bila kusita. Daktari akainuka pale pale. Alisema saa zimeshazidi, mama na mtoto wote wako hatarini. Wakaingia kazini, yeye na Bi Time, na miye katikati nikipokea neno huku na kulifikisha kule, jasho linanitoka.

Adhuhuri mtoto wa kike akalia, sauti ikajaa kituo kizima. Bi Time akapiga kigelegele, kisha akasema mbele ya wote, "Leo umekuwa mkalimani."

Vyeti nimepata vingi baadaye, mwanangu. Hakuna hata kimoja kilichonipa furaha ile.

Basi neno usilolielewa sawasawa liulize, hata kama watu kumi wanakutazama. Usimpe mtu maana uliyoibahatisha, kwa sababu yeye ataipokea kama kweli, atacheka nayo au atalia nayo. Na ukikosea, kaombe radhi, kisha urudi kujifunza.

Mwenyezi Mungu akufungulie fahamu, akujaalie ulimi wa kweli, na kila utakayemsemea aondoke kwako na faraja. Amin.